Mngurumo wa Milembe

"Ukifuta hivyo vitu umenimaliza," nilimwambia binti yangu Milembe.

"Vitu gani, makelele? Si wewe uliyeyasikia ukaniuliza kama pampu imeharibika?"

"Niliuliza. Leo nasema usifute."

Tulikuwa nyuma ya darasa, kando ya uwanja wa Sapiwi, yeye kakumbatia kompyuta, mimi nimemshika mkono. Pamba ilishavunwa, Wagalu, kundi letu la ngoma, walikuwa wakishindana na Wagika. Mchezo huo hauna hakimu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na linalokimbiwa na watu ndilo limeshindwa. Baba mdogo wa Milembe, Machibya, kiongozi wa Wagalu, alitaka kitu kipya cha kuvuta watu, akamweka binti yangu kwenye spika.

Sasa Milembe hana ngoma wala wimbo. Anarekodi mashine ya kuchambua pamba, pikipiki, bati linalopigwa na upepo, kisha anazirefusha sauti hizo na kuzipasua ndani ya kompyuta mpaka unabaki mngurumo usio na jina. Watu walisikiliza kidogo, wakahamia kwa Wagika, wazee wetu wakiwa mbele. Machibya akazima.

"Umetukimbiza watu," akamwambia hadharani.

"Na wewe unanionea huruma tu, mayu," Milembe alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mimi nimeanza huruma lini?"

Ndipo nikamwambia nisichowahi kumwambia hata baba yake. Kusimamia ubora kando ya mashine za kiwandani kumeniachia mlio masikioni, mwembamba kama wa mbu, haulali. Kwaya haiuzimi, vidonge haviuzimi. Daktari alisema nizoee. Nimewahi kujigonga kichwa ukutani ili nisikie kitu kingine. Halafu siku moja napepeta mchele, yeye chumbani na makelele yake, mlio ukamezwa. Nikaanza kumpelekea chai ili nipate sababu ya kukaa. Baadaye nikajikuta naingoja ile sehemu ambapo sauti inachanika, kifua kikitetemeka, masikio nimeyasahau kabisa.

"Hata nikipona leo, nitautaka mngurumo wako."

"Unadanganya ili nisilie."

Nikapiga magoti. Kwetu binti ndiye anayempigia mama magoti, si mama kumpigia binti.

"Inuka, mama! Watu wanaona!"

"Watu gani? Si wote wako kwa Wagika?"

Alicheka, kicheko kikageuka kilio, na kidole kikarudi kwenye kitufe cha kufuta.

Nikamnyang'anya kompyuta, nikainuka na vumbi langu magotini, nikaukatiza uwanja. Machibya akanizuia njiani.

"Shemeji, weka chini hiyo. Unataka tuchekwe mpaka Lalago?"

"Pisha."

Nyuma yangu Milembe alikuwa akiniita. Sikugeuka. Nikachomeka waya wa spika, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikasimama peke yangu upande wetu wa uwanja, nikawasha.