Kifua cha Patrisi

Patrisi alikuwa na kifua, na kifua chenyewe hakikuwahi kukohoa hata siku moja. Mkewe Sabina alilala naye, alikula naye, wakapalilia wote mahindi mstari kwa mstari pale Rhotia, na kwa miezi mitano hakusikia hata "khe" moja. Sasa ni kifua gani hicho? Akiuliza, anajibiwa, "Kifua tu, Mama Lilian. Kinanisumbua."

Ukweli alikuwa nao Patrisi mwenyewe, na ulikuwa unamchanganya akili. Siku anapulizia dawa mbaazi, mkanda wa bomba ulimkwaruza upande wa kushoto. Akapeleka mkono, akakuta kitu kigumu nyuma ya chuchu, kama gololi. Hakikuuma. Akakisukuma, kikagoma kusogea. Sasa kitu hicho akiite nini? Mwanamke angesema nina uvimbe kwenye titi, yakaisha. Lakini yeye ni mwanaume wa miaka sitini na moja, ana wajukuu. Titi alitoe wapi? Akatafuta neno lenye heshima, akalipata: kifua.

Jamani, hilo neno moja lilimzungusha mtu mzima wilaya nzima!

Zahanati alipoulizwa shida yake akasema, "Kifua." Tangu lini? "Siku nyingi." Hapo hapo akapewa kikopo cha makohozi. Patrisi akakitazama kikopo, akamtazama mganga. Kikopo cha nini tena? Lakini hawa wamesoma, akajiambia, pengine uvimbe nao hupimwa hivi. Akaenda nyuma ya jengo, akajikamua mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, haya ni mate," mganga akamwambia. "Tunataka makohozi."

"Ndiyo niliyo nayo, mwanangu."

Aliyemwona na kikopo akamwambia asiyemwona, na kabla ya jua kuzama Rhotia nzima ilikuwa inajua kwamba Patrisi ana TB. Jirani yake Emilian, ambaye miaka yote walikunywa kikombe kimoja, siku hiyo alikuja na kikombe chake mfukoni, eti ndiyo mtindo wa siku hizi.

Kipimo hakikuonyesha kitu, akapelekwa mjini Karatu kupigwa picha. Akavua shati, akabanwa kwenye bamba la baridi, akaambiwa avute pumzi na aishikilie. Moyoni alifurahi. Leo watakiona wenyewe, bila yeye kusema neno. Baada ya nusu saa akaletewa majibu.

"Mzee, kifua chako ni safi kabisa."

"Safi?"

"Safi."

Alirudi nyumbani kwa bodaboda huku kichwa kinamzunguka. Mashine imetazama kifua kizima na imesema safi. Basi gololi ni nini? Mbona inakua? Mbona chuchu imeanza kuzama ndani kama kitovu? Aamini mashine au aamini kidole chake? Siku moja aliamini mashine, kesho yake kidole, mwishowe akaifuata mashine, maana ndiyo iliyompa jibu alilolitaka.

Jumamosi moja Sabina alikuwa anafua, akakuta doa la damu kwenye fulana ya mumewe, upande wa kushoto.

"Baba Lilian, njoo. Vua shati."

"Nivue shati mchana huu?"

"Vua. Sikuombi."

Akavua. Sabina akaona, akagusa, na mkono wake ukabaki palepale.

"Hili ni titi lako, Patrisi." Kumwita jina lake hivyo, mara ya mwisho ilikuwa kabla hawajazaa.

"Mimi mwanaume. Sina titi."

"Basi hili tuliite nini? Kiazi?" Alitaka kucheka, akajikuta analia. "Miezi mitano nakuchemshia tangawizi ya kifua, wewe! Hujui mficha maradhi kifo humuumbua?"

Jumatatu asubuhi walikuwa hospitali. Dirishani karani akauliza mzee anasumbuliwa na nini.

"Ki..." Sabina akamkanyaga mguu. Patrisi akaanza upya. "Titi."

"La mama?" karani akauliza, huku anamtazama Sabina.

"La kwangu."

Daktari aliitwa Hanifa, umri wake sawasawa na binti yao Lilian, na Patrisi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Daktari akampa shikamoo, akampapasa kifua, akapapasa kwapa, akahamia upande wa pili. Kisha akamwambia avae.

"Baba, wanaume nao wana matiti. Ni madogo tu, na huugua kama ya kina mama. Ile picha ilitazama mapafu. Haikuulizwa habari ya titi."

"Kwa hiyo ni saratani?"

"Bado sijui. Si kila uvimbe ni saratani. Ila huu ni mgumu, chuchu imezama na damu inatoka, kwa hiyo hatusubiri. Leo hii tunatoa kinyama kwa sindano kikapimwe."

Patrisi hakujua ashukuru au alie. Juzi alikuwa safi, leo si safi, na mwili ni uleule.

"Kwenu kuna aliyewahi kuugua titi?" Hanifa akauliza, kalamu mkononi. "Mama, dada, shangazi?"

Akawapitia mmoja mmoja kichwani. "Hapana. Kwetu hakuna. Baba tu ndiye aliyeteseka sana, naye alikufa kwa kifua."

Kalamu ikasimama.

"Alikuwa anakohoa?"

Patrisi akafungua mdomo ajibu. Akamwona baba yake, blanketi begani, kiganja kimebana kifua juu ya blanketi. Alimuuguza mwaka mzima. Alimwosha miguu, alimlisha uji, lakini kumfunua kifua hakuthubutu, nani amfunue baba yake? Na katika mwaka ule wote, hakukumbuka kumsikia akikohoa.

"Una ndugu wa kiume?" Hanifa akauliza taratibu.

"Mdogo wangu, Isaya. Yuko Baray, analima vitunguu."

"Mpigie, baba. Mpigie sasa hivi."

Akatoka nje, kwenye benchi walipokuwa wamekaa kina mama wakisubiri zamu yao. Mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Isaya, vua shati, ujipapase."

"Kaka? Niko shambani, kuna vibarua hapa. Nijipapase nini?"

"Hapo... hapo kifuani."

"Kifua changu kizima, kaka. Sikohoi."

Patrisi akasimama. Sabina akamshika mkono, lakini mumewe alikwishapaza sauti mpaka benchi zima likageuka.

"Titi, Isaya! Titi! Baba hakuwa na kifua!"