Lita Kumi na Tisa

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, Luming alikuta beseni alilolitega limejaa kwenye kona ya bwawa la Villa Consorcia, pale ambapo kigae kimemeguka na ukingo umelala kuliko kwingine. Aliyateka maji kwa kata, akayamimina kwenye galoni ya bluu ya maji ya kunywa, akasoma alama za ubavuni. Lita kumi na tisa. Akasoma tena. Kisha akaketi kwenye saruji iliyolowa.

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalizoleka vizuri tu, tatizo lilikuwa kipimo chake. Bwawa hilo halikuwa la kumwagika. Maji ya moto ya chemchemi za Mlima Makiling yaliingia kwa bomba moja yakatoka kwa jingine, na usawa wake haukubadilika mwaka mzima. Mara mbili tu ndipo lilipomwagika. Mwaka juzi zilitoka lita ishirini na mbili, na kabla wiki haijaisha akazama mtoto kutoka Cavite ambaye hospitali ilimwandika kilo ishirini na mbili. Mwaka jana zilitoka thelathini na moja. Binti wa kilo thelathini na moja alikuja na basi la parokia.

Wote wawili walipatikana mahali pamoja, kwenye kina, wamenaswa kwenye tundu ambalo pampu hunyonyea maji. Kifuniko cha tundu kilivunjika zamani. Kipya kilikuwapo, cha chuma, kizuri, lakini kukifunga skrubu kulitaka bwawa likaushwe na kujazwa upya, kazi ya siku mbili, na siku mbili hazikupatikana. Mpishi alikiona kinafaa kuchomea samaki. Mara zote mbili mwenye bwawa, Madam Consorcia, alisema ajali haina kinga, akaenda mazikoni, akalia machozi ya kweli.

"Limemwagika tena, Madam," Luming alimwambia.

Madam aliweka rozari chini. "Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mdogo, masikini," akasema Madam, akafanya ishara ya msalaba.

"Leo hatuna mgeni. Tuzime pampu, tulikaushe, tufunge kile kifuniko. Jumapili litakuwa limejaa."

"Leo? Luming, una akili wewe? Leo Mungu amekufa. Nani anapiga nyundo siku Mungu amekufa? Unataka tupate balaa?"

"Balaa tunalo, Madam. Liko kwenye galoni."

Lakini alisema kwa sauti ya chini, akiona haya. Yeye pia alilelewa hivyo. Ijumaa Kuu mtu haogi baada ya saa tisa, hapigi kelele, hagongi msumari, na hata kidonda cha siku hiyo hakiponi upesi. Alijua anaomba jambo baya, na kwamba kutoliomba ni baya zaidi.

"Na kesho?"

"Kesho kuna ukoo mzima unakuja, wameshachinja nguruwe." Madam alifikiri. Hakuwa mjinga. "Ile mizani ya mchele, iweke getini. Mtoto wa kilo kumi na tisa haingii majini. Wengine wajiogelee kwa amani."

Jumamosi ilipita bila kisa. Jumapili ya Pasaka watoto walipanga foleni getini na nguo zao za kuogelea, wakipanda mizani mmoja mmoja. Wazazi hawakushangaa. Baba mmoja aliuliza mwaka jana ilikuwa kilo ngapi, akajibiwa, akatikisa kichwa. Mwingine, mwenye mapacha wa kumi na tisa kamili, aliuliza kama anaweza kuwalisha kwanza. Aliwashindilia tambi za pansiti mpaka mshale ukapita ishirini, nao wakaingia. Hakuna aliyeiba, mizani ilikuwa ya haki.

Aliyewaza jambo hilo kinyume alikuwa Luming peke yake: wa kumi na nane nao wanakula.

Wa kumi na nane alikuwa mmoja, Tintin, binti mwenye nguo ya njano aliyekuja na bibi yake. Tangu afike kinywa chake hakikupumzika kwa kula. Luming alimfuata bibi kwenye kibanda chao.

"Bibi, nakuomba, mjukuu asile tena leo."

"Asile? Siku ya Pasaka? Yesu amefufuka halafu mimi nimfungishe mtoto Kwaresima? Hebu kaa, ule nawe. Umekonda."

Mwokoaji wa waogeleaji siku hiyo alikuwa Nonong, fundi wa karaoke. Kila sikukuu alivaa fulana nyekundu kwa ajili ya mkaguzi. Kuogelea hakujua, wala hakuwahi kumdanganya mtu kwamba anajua. Hakuna aliyemuuliza.

Saa tisa Tintin alipita getini na soseji mkononi, akapanda mizani kwa mchezo. Mshale ukapanda, ukatetema, ukatulia kwenye kumi na tisa.

"Nimekua!" akapiga kelele, akatimua mbio.

"Nonong!" Luming alipaza sauti. "Mtoto wa njano! Mshike! Nonong!"

Nonong alimpungia mkono kwa upendo. Wimbo wake wa karaoke ulikuwa umefika penye sauti ya juu.

Luming alikimbia. Alipopita jikoni alikwapua kile kifuniko motoni kwa mikono mitupu, samaki wawili wakaangukia majivuni. Tintin alikuwa ameshazama kwenye kina. Luming alijitupa na gauni lake. Chini kule aliuona mguu mdogo ukivutwa taratibu kuelekea tundu, vidole vikitangulia. Alikisukumiza kifuniko kati ya unyayo na tundu, akasimama juu yake. Pampu ilikinyonya kikakaza. Tintin aliibuka, akatema maji, akacheka.

"Samaki wangu!" bibi alifoka ukingoni. "Wee dada, una kichaa? Samaki wa watu!"

Kifuniko kisicho na skrubu huteleza, kwa hiyo Luming alibaki amesimama juu yake mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, maji yakimfika kidevuni. Viganja vilikuwa vimebabuka. Alilia kwa hofu iliyochelewa, na kwa kuwa uso ulikuwa umeshalowa, hakuna aliyejua.

Jumatatu beseni lilikuwa kavu.

"Umeona?" alisema Madam. "Mizani imefanya kazi."

Na kwa kuwa Luming alisimama vizuri, aliambiwa asimame kila siku ya wageni wengi. Mwezi wa tano mkaguzi alikuja, akaandika kwamba mwokoaji yupo na kifuniko kipo. Kisha akaona kichwa katikati ya maji.

"Na yule?"

"Yule ndiye skrubu," alisema Nonong.

Mkaguzi alicheka sana, akatia sahihi.

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, beseni halikutosha. Luming alijaza galoni mbili za lita ishirini na nyingine ya tatu ikapata kumi na nne. Aliivuta mizani mwenyewe, akapanda, akausubiri mshale utulie. Kisha akaenda kwa Madam.

"Ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Mkubwa. Nani huyo?"

"Mimi, Madam."

Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na mmoja, na Madam Consorcia alimpenda. Nje basi la kwanza lilikuwa limeshapiga honi, watoto wakiimba ndani yake.

"Basi nenda jikoni," alisema kwa upole. "Kula. Wali upo mwingi."

Luming alikula sahani mbili, akajilazimisha ya tatu, kisha akashuka majini kabla ya watoto.