Miwani ya Shemeji Eustace

Damas alifariki Jumatano asubuhi hospitalini Tabora. Jioni tulipofika naye nyumbani Usoke, nilikuta kompyuta yake bado inawaka sebuleni, kwa sababu tulikuwa tumeondoka kwa haraka. Nilipogusa kitufe ili niizime, ile sauti yake ya puani, ya kusomea maandishi, ikasema, "Mstari mtupu."

Nikaketi. Sikuizima.

Mume wangu alikuwa karani wa wakulima wa tumbaku. Presha ya macho ilipomwanza alikataa kuacha kuandika. Akaibadili programu ya kuandikia mpaka ikamtii: ukurasa mweusi, herufi za njano kubwa kama viazi, maneno matatu tu kwenye kioo, na sauti ya kumsomea alichoandika. Kwa kuwa hakuweza kuona makosa yake, aliifundisha na vifupisho. Yeye aandike herufi mbili, kompyuta imalizie.

Shemeji Eustace, mdogo wake, anafanya kazi Dodoma. Alifika msibani, akaitazama mashine, akakunja uso.

"Shemeji, tukishazika naondoka nayo. Nitafuta madude haya yote iwe kompyuta ya kawaida. Inaumiza macho."

Mjane habishani na wanaume wa ukoo maiti ikiwa ndani. Lakini kila kilichokuwa mle Damas alikipanga kwa vidole vyake, akipapasa, na mimi sikuwa na kingine kilichobaki kama alivyokiacha.

Wasifu wa marehemu niliandika mimi, hapohapo kwenye kompyuta. Zile herufi kubwa zilinishinda. Kila nikiinua macho, maneno yameshapita. Sauti nayo niliifunga, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Basi nikaangalia vidole vyangu tu. Majina niliyafupisha kama nilivyomsikia Damas akifanya: "es" kwa Eustace, "mt", yaani mtani, kwa Mwamvita. Nilijua vinaleta majina. Sikujua vinaleta na nini kingine. Binti yetu akaenda kuuchapa karibu na stesheni, akamkabidhi baba yake mdogo karatasi ikiwa imekunjwa.

Mwamvita ni jirani yetu, Mzaramo, na maneno ya Eustace juu ya kompyuta aliyasikia. Baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Kwetu Wanyamwezi, Mzaramo ni mtani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na mtani msibani hakasirikiwi. Siku ya maziko aliingia uani amevaa koti la Damas, anapapasa kuta kama yeye, anawagonga wazee makusudi.

"Nani kaweka gogo katikati ya njia?" akauliza, huku akimshika Eustace uso mzima, masikio na yote. Watu wakacheka na machozi yao.

Wakati wa wasifu ulipofika, Eustace akasimama, akakunjua karatasi, akafungua kikasha cha miwani. Kitupu.

"Mwamvita! Miwani yangu."

"Miwani gani, Mnyamwezi? Babu zako walifika pwani na mizigo kichwani, nani aliwaona na miwani? Soma."

"Sioni, mama wewe!"

"Ehee! Marehemu alikuwa hivyohivyo, na hakupiga kelele." Akamnyang'anya karatasi, akaitumbukiza kotini. Kisha akanigeukia. "Mke mwenzangu, toeni kompyuta."

Binti akaileta, akaiweka juu ya kiti, akaifungulia sauti. Sauti ya puani ikaanza.

"Damas alizaliwa hapa Usoke. Alifuatiwa na Eustace, mdogo wangu, aliyeanguka na baiskeli ya baba akamsingizia mbuzi."

Mimi nilikuwa nimeandika "es" tu. Padri akakohoa kwenye kiganja.

"Aliishi vizuri na jirani yake Mwamvita, mwizi wa karanga zangu, Mungu amsamehe, mimi bado."

Ua mzima ukalipuka. Mwamvita alikaa chini akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio. Eustace alisimama mikono kichwani.

"Alikuwa mbuzi kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Kaka alimwona." Mabega yake yakaanza kutikisika, naye hakujua kama anacheka.

Alipotulia aliomba miwani yake. Mwamvita akaitoa kifuani, akaiinua juu.

"Sitaki hela. Nataka neno lako. Kompyuta isiguswe."

Wazee wote wakamtazama Eustace. Kumnyima mtani mbele ya jeneza ni kujitafutia maneno ya maisha.

"Haya, ibaki."

"Nyoosha maneno, mwenyewe anasikia."

"Ibaki kwa shemeji, na madude yake yote."

Iko sebuleni, nayo ndiyo ninayoandikia haya, maneno matatu matatu. Mwamvita huja Jumapili na karanga zake mwenyewe, anakaa, ananiambia, "Niandike." Naandika herufi mbili, na kompyuta inamwita mwizi.