Lami ya Mama Barabara

Mtaa mzima ulimwita Mama Barabara, na hakununa hata siku moja. Jina lile alilitolea jasho. Nani mwingine aliyekwenda ofisi ya mtaa mpaka karani akimwona mlangoni anajifanya anaongea na simu? Nani aliyesimama juani kuwachunga watu wa greda wasije wakairuka kona yake? Watu walidhani mama wa watu anapenda maendeleo. Maendeleo gani! Alikuwa anamtaka mwanawe, basi.

Maana huyo kijana, mtoto wake wa pekee, kila akipigiwa simu jibu lake lilikuwa moja. "Mama, barabara yenu inaua gari. Ikitengenezwa nitakuja kila wiki mpaka unichoke." Mama akaliamini jibu lile, akalikumbatia, akaligawa na kwa majirani. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akiuliza mwanao yuko wapi siku hizi, anajibiwa, "Gari litapita wapi, jirani? Kwenye mashimo haya?" Lilikuwa jibu zuri, na usiku lilimpa usingizi.

Sasa lami ikamwagwa. Mama akapiga simu mashine bado zinanguruma, na kijana, kwa kukosa pa kujifichia, akasema Jumamosi atapitia. Kupitia tu, ana dakika chache. Akaja mbio, vioo juu, muziki unadunda, na jua la mchana limeilainisha lami ambayo hata haijashika sawasawa. Aliposhuka mbele ya nyumba, gari lake jeupe lilikuwa na madoa meusi toka kwenye matairi mpaka kwenye vitasa vya milango.

"Mungu wangu! Mama, njoo uone! Angalia gari!" Shikamoo ilimtoka baadaye kabisa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na gauni alilolipiga pasi mara mbili. Mikono aliyokuwa ameinyoosha kumkumbatia ikabidi airudishe. "Pole, baba," akasema. "Pole sana."

Kijana alichomoa ufunguo akaanza kukwangua doa moja.

"Wee! Utabandua na rangi!"

Akaacha. Akataka petroli, kisha akachungulia kwenye simu yake, akaguna. "Wanasema petroli inafifisha rangi. Eti mafuta ya kula."

"Mafuta yapo!" Mama akakimbia jikoni. Nasema akakimbia, na magoti yake yale mabovu. Akarudi na chupa nzima na fulana mbili kuukuu za pamba.

Walilisogeza gari kwenye kivuli cha ukuta, maana bati lilikuwa linaunguza. Kwanza wakamwagia maji kuondoa mchanga, usije ukachora rangi wakati wa kufuta. Halafu wakalowesha vipande vya fulana kwenye mafuta, wakavibandika juu ya madoa, wakasubiri. Na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hasa, kusubiri. Ukifuta mapema lami inajivuta tu, inahama hapa inakwenda pale. Ukiipa muda inalainika, unaifuta taratibu, inatoka na rangi ya kahawia, unageuza upande safi wa kitambaa, unahamia doa jingine.

Sasa watu wawili wanaosubiri watafanya nini? Walikaa kwenye ngazi wakaongea. Kijana akamsimulia bosi wake anayevua viatu ofisini halafu anauliza harufu inatoka wapi, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye mafuta. Naye akamsimulia habari za magoti, na za karani wa simu za uongo. Mara wanainuka, wanafuta, wanalowesha tena, wanarudi kukaa. Dakika chache zile zilishakwisha zamani, na hakuna aliyezitaja.

Fundi cherehani akapita na furushi lake la vitambaa. "Mama Barabara! Uliomba lami, umeletewa mpaka mlangoni! Na huyo akirudi si atapita palepale?"

"Atasubiri jua lipoe, lami ishike," mama akajibu, kichwa juu. "Leo hana haraka."

Alikuwa na furaha mpaka akaogopa. Kimoyomoyo, bila haya yoyote, akaiomba lami ile ing'ang'anie.

Lakini lami nayo huisha. Ikabaki kazi ya kuosha mafuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mama mlango wa mbele, kijana wa nyuma. Mchana ule ulikuwa umemlainisha kijana, akajisikia mwepesi, akaona hapa anaweza kusema lolote.

"Mama, nikwambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Haikuwa barabara."

Mama akaendelea kusugua.

"Mashimo yale ningeyapita. Nimepita mabaya kuliko hayo nikienda kwenye harusi za watu."

"Basi ilikuwa nini? Nilikukosea mahali?"

"Wala. Hakuna kitu, mama, kweli tena. Wiki inaisha nimechoka, najiambia wiki ijayo. Ikifika, hivyo hivyo. Ukipiga simu inabidi niseme kitu, ndio nikawa nasema barabara." Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alidhani amempa mama yake zawadi.

Mama alikuwa bado anasugua mlango ambao ulishatakata. Ungekuwepo ugomvi, angejua pa kuanzia. Angekuwepo mtu wa kulaumiwa, angemfuata huko aliko. Mwanamke yule hakuogopa mlango wa ofisi yoyote, lakini kwa jambo hili angekwenda ofisi gani?

"Ungeniachia barabara yangu," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Nilikuwa na kitu cha kuwaambia watu, na cha kujiambia mwenyewe. Umenichukulia."

Kijana akabaki na kitambaa mkononi, maji yanamchuruzikia kwenye viatu. "Wiki ijayo nakuja. Haki ya Mungu nakuja."

"Usiape." Akamnyang'anya kitambaa, si kwa hasira. "Nenda, giza lisikukute njiani. Na uendeshe polepole."

Akaondoka polepole kweli, gari linang'aa, mkono nje ya dirisha unapunga mpaka kwenye kona. Mama alikuwa bado amesimama pale pale, beseni miguuni, fundi cherehani alipotoka kumwaga maji.

"Loo, limetakata! Anakuja lini tena?"

Mama akafungua mdomo. Ulimi ulishazoea, ukaenda wenyewe kulitafuta lile jibu la siku zote, na mbele yake barabara imelala nyeusi, nyororo, haina shimo hata moja.

"Sijui, jirani," akasema. "Hana sababu ya kutokuja. Haji tu."