Nyigu wa Dirishani

Tangu kiharusi kimlaze, Bi Mwatima alibakiwa na macho, masikio na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ulimi wake, ule uliotetemesha nyumba nzima hapo mtaani Malindi, ulilala kinywani kama kipande cha papa mkavu. Nzi walilijua hilo. Walimjaa midomoni mchana kutwa.

Aliyemnusuru ni buibui. Si wale wa kutanda. Huyu ni mdogo, mnene, hana utando, huwinda kwa macho. Hunyemelea juu ya foronya, husita, kisha humrukia nzi shingoni. Bi Mwatima alimpenda kuliko mtu yeyote, na tuseme kweli, watu wenyewe walikuwa hawapendeki.

Faiza, mke wa mwanawe Hamid, alimlisha uji mbiombio. Zamani Bi Mwatima alikuwa akimwachia ukoko, na wali umejaa sufuriani. Mla, mla leo. Mla jana kala nini?

Siku moja nyigu akaanza kujenga kijumba cha udongo juu ya dirisha lililo kando ya kitanda. Bi Mwatima akashikwa na hofu. Utotoni kwao Matemwe alizoea kuvunja vijumba hivyo, akikuta ndani buibui waliochomwa miiba, wamekufa ganzi lakini wangali hai, wanaliwa taratibu na buu la nyigu. Akaguna, akaelekeza kidole dirishani.

Faiza akamtazama nyigu.

"Nshamuona, mama. Unataka nifunge? Mdudu wa watu anajenga nyumba yake, mie nkamvunjie?"

Akafungua na ubawa wa pili wa dirisha.

Alasiri nyigu akatua kwenye foronya. Buibui aliruka, akachelewa. Mwiba mmoja tu, miguu ikakunjika. Akaburutwa juu ya shavu la Bi Mwatima, akabebwa hadi kijumbani, akazibiwa kwa udongo. Bi Mwatima alilia, na nzi wakaja kunywa machozi.

Baada ya siku chache Faiza alikuwa akifagia tandabui, ufagio ukakiangusha kijumba. Kikapasukia kitandani. Akamgeuza buibui kwa ukucha. Buu limemganda tumboni, linakula. Mguu mmoja ukatikisika.

"Kumbe hajafa," akasema, akamtazama mkwewe.

Simu ikalia. Ni Hamid, yuko Dar.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Mzima kabisa."

Akamlaza buibui na buu lake juu ya foronya, mbele ya macho ya Bi Mwatima, akaenda jikoni kupakua wali.