Dohani Iliyolala Baridi

Haya nilisimuliwa na wifi yangu, Jumapili moja tukifua mapazia. Shoga yake alikuwa amefiwa na mume, mwezi wa pili huo, na hajalia, wala usingizi haumjii. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa, umekufa ganzi.

Shida yake ilikuwa moshi. Akiwasha meko ya sebuleni, moshi haupandi dohani kutoka nje, unamrudia usoni. Mwanawe akasema, "Mama, nyumba hii itakuua. Fundi akishindwa leo, Jumamosi unahamia kwangu."

"Haya," akajibu. Lakini kuhama hakutaka. Hilo tu ndilo alilokuwa na hakika nalo.

Fundi alikuja asubuhi hiyo, masizi mpaka kwenye kope. Akapitisha brashi, mwana akitazama: hakuna kiota, hakuna ufa. Akafungua dirisha, akawasha vijiti, moshi ukarudi vilevile. Akaingiza mkono ndani ya dohani, akautoa upesi.

"Lo! Baridi kama pua ya mbwa. Mama, unawasha mara ngapi?"

"Siku moja moja. Niko peke yangu."

"Ndiyo maana. Dohani hii iko ukuta wa nje. Ikilala baridi, hewa nzito inakaa humo kama kizibo. Moshi upite wapi?" Akamulika tochi. "Na huku juu kuna majivu ya karatasi. Nani alikuwa anachoma magazeti?"

"Marehemu. Kila alfajiri. Nikisikia harufu namtania, mzee, habari za jana zimekukosea nini?"

"Alikuwa anaipasha dohani moto. Hewa ikipata joto inapanda, moshi unaifuata."

"Miaka thelathini na moja, hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

"Nilimcheka."

Fundi akampa gazeti. Mama akalisokota, akaliwasha, akaliinua kwa koleo mpaka ndani ya koo la dohani. Likavuma. Kisha akatia moto kuni, moshi ukapanda wima, ukaenda zake.

"Kila siku utaweza?" mwanawe akauliza.

"Nitaweza."

"Basi baki, mama. Ubishi wako siuwezi."

Walipoondoka, alikaa kitini mbele ya moto. Akayasubiri machozi, hayakuja. Vidole vilinuka karatasi iliyoungua. Hakuvinawa. Mchana kweupe, viatu miguuni, usingizi ukamchukua.