Meno ya Chini

Gari la matangazo lilipofika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, Nyakong alikuwa akiuza chai na mandazi kwenye kibanda chake. Ubavuni mwa gari palikuwa na jina la dawa ya meno kutoka ng'ambo: Sorida. Msimamizi wa gari, Chepngetich, mwanamke kutoka Kericho aliyeajiriwa na wakala wa matangazo Nairobi, aliketi kunywa chai. Alimtazama Nyakong akicheka na mteja, kisha akamwambia uso wake unafaa kupigwa picha.

"Lakini mimi sina meno ya chini," Nyakong akasema. Aling'olewa manne utotoni, kama wasichana wengine wa kwao Nasir, Sudan.

"Usijali. Wewe cheka tu."

Akacheka. Akapigwa picha, akapewa fulana, gari likaenda zake.

Miezi miwili baadaye mabango yalibandikwa kuanzia Lodwar hadi Kakuma. Nyakong alikuwa kwenye mabango hayo, na mdomo wake umejaa meno, juu na chini, meupe pe. Maandishi yalisema: *Sorida, tabasamu jipya.* Alisimama mbele ya bango kitambo. Hakukasirika. Aliona tu kwamba mtu amemchorea meno bila kumuuliza.

Mwezi wa tano, mwanamke mzee alishuka kwenye lori la mbao, akauliza njia mpaka kibandani. Aliitwa Atabo, Mturkana wa Kanamkemer, karibu na Lodwar.

"Ejok," akasalimu. "Wewe ndiye ya picha?"

"Ejok, mama. Ni mimi."

"Mimi nasugua hii dawa asubuhi, nasugua jioni. Wiki sita. Meno hapana toka. Wewe ulingoja siku ngapi?"

Nyakong aliweka birika chini, akafungua mdomo wake wazi. Atabo akainama, akachungulia, akachungulia tena. Atabo naye alikuwa na pengo la desturi kama hilo, ila meno yake mengine yalikuwa yameanguka yenyewe.

"Nilitaka kutafuna mahindi," akasema taratibu, kisha akaketi. Nyakong akamkaribisha chai na mandazi, akamwonyesha namna ya kuyachovya yalainike.

Baada ya wiki chache Chepngetich alirudi, furaha imemjaa. Lodwar dawa ilinunuliwa kupita walivyotarajia, na kampuni ilitaka picha ya Nyakong kwenye kalenda.

"Watu wanadhani inaotesha meno," Nyakong akamwambia.

Chepngetich alichezea kifuniko cha kalamu. "Hatujaandika hivyo popote."

"Mmechora."

"Dada, mimi sichori. Wanachora Nairobi."

"Basi piga picha, lakini mdomo ubaki wangu."

"Hawatakubali hao," Chepngetich akasema, na hakuwa anadanganya.

Nyakong akarudi kwenye unga wake. Chepngetich akamaliza chai, akaaga kwa heshima.

Huko Kanamkemer, Atabo alipita mlango kwa mlango akieleza alichokiona kwa macho yake. Kufikia Desemba wenye maduka ya Lodwar hawakuagiza tena, na gari likapelekwa wilaya nyingine. Kalenda zilikuja hata hivyo, zikiwa na msichana wa Kitale mwenye meno kamili. Nyakong alipata moja, akaipigilia misumari kibandani, akazungushia wino siku za mgao wa chakula.